Stelingi Hafi?



Wiki hii naanza kwa ungamo dogo: padre wenu ni mpenzi wa filamu. Tangu nilipokuwa seminarini nimezipenda hata zile kubwa za Hollywood, ambazo gharama ya moja ingetosha kujenga shule katika vijiji vingi vya delta yetu ya Rufiji. Kwa hiyo sitawahukumu vijana wanaojazana katika vibanda umiza hapa Kibiti.

Sikukuu ya Idd iliyopita jirani yangu Mwislamu alinialika kula biriani, na baada ya chakula vijana wakanivuta hadi kibandani. Tulikaa kwenye mabenchi ya mbao, mbele yetu runinga moja na spika mbili zenye kishindo. Ilionyeshwa Avengers: Infinity War ya mwaka 2018, ikiwa na sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu yake, kwa mtindo ule ambao Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliupatia umaarufu mkubwa Dar es Salaam. Vita vya Wakanda vilipopamba moto, watoto walishangilia kila aliyeanguka. Nami, nakiri, nilicheka pamoja nao. Mtoto mmoja tu aliinuka taratibu, akatoka.

Nilimkuta chini ya mwembe. Akaniuliza, "Baba, wale askari wanaoanguka, wanazikwa na nani?"

Wenyeji wa hapa hawana haja ya kuelezwa swali hilo lilitoka wapi. Katika miaka ya 2016 na 2017 risasi zilizosikika Kibiti hazikutoka kwenye spika. Viongozi wa vijiji na wananchi wengine waliuawa. Tarehe 13 Aprili 2017, siku ya Alhamisi Kuu, askari polisi 8 waliuawa katika shambulio la Mkengeni. Mtoto yule alimpoteza baba yake katika kipindi hicho, akiwa bado hajaanza shule.

Tangu siku ile nazipima filamu kwa swali lake. Kasoro ya nyingi kati ya hizi filamu kubwa si fedha wala kelele. Kasoro yake ni kwamba zinaua maelfu bila matanga. Mji mzima unabomoka, stelingi anajipangusa vumbi, anatoa mzaha, na safari inaendelea. Anayekufa bila jina hana mama, hana mjane, hana deni la karo.

Lakini haki itendeke: si zote zilizo hivyo. Infinity War inaisha kwa nusu ya viumbe vyote kutoweka, na Avengers: Endgame, iliyotoka mwaka 2019, inaanza kwa kuwaacha waliobaki wakae na msiba wao. Kwangu mimi sehemu ile ya kimya ni bora kuliko vita vyote vinavyofuata. Na mwaka 2022 ilitoka Black Panther: Wakanda Forever. Chadwick Boseman, aliyekuwa mfalme wa filamu ya kwanza, alifariki dunia kweli tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43. Watengenezaji hawakumtafuta mtu mwingine wa kuvaa nafasi yake. Walianza kwa mazishi, waombolezaji wakiwa wamevaa nguo nyeupe, rangi ile ile ya sanda zetu za pwani. Fedha nyingi zilitumika humo pia, ila hapo zilitumika kumlilia mtu.

Delta yetu nayo ilipata kuwa hadithi ya filamu kubwa. Shout at the Devil ya mwaka 1976, yenye Lee Marvin na Roger Moore, ilichota kisa chake kwa meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikoko ya Rufiji na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Wapiga picha walikwenda Afrika Kusini na Malta. Mizinga ya meli ile halisi iliopolewa, ikakokotwa hadi Dar es Salaam kwa nguvu za vibarua wengi Waafrika. Katika filamu, watu wa Rufiji ni mandhari tu, kama mikoko.

Vijana wetu husema, "Stelingi hafi." Ndiyo maana wanatazama bila hofu: mwisho wanaujua. Lakini Yesu naye aliujua mwisho alipofika kaburini kwa Lazaro. Alijua kwamba baada ya muda mfupi rafiki yake atatoka akiwa hai, na hata hivyo alilia (Yohane 11). Kuujua mwisho mwema hakukumfanya aruke machozi.

Wazazi, sisemi mfunge vibanda. Nasema mkae na watoto baada ya filamu, mwaulize: yule aliyeanguka alikuwa nani?

Mimi, chini ya mwembe, sikuwa na jibu. Nilimwuliza mtoto jina la baba yake. Akalitaja. Kisha akanieleza kwamba mama humsimulia jinsi baba alivyokuwa fundi wa mitumbwi, na jinsi alivyoimba vibaya akiwa kazini. Tulicheka kidogo, tukanyamaza. Filamu ilipokwisha na wenzake wakatoka, sisi bado tulikuwa tumekaa.

Nawatakia Dominika njema.