Mwenye Wimbo ni Nani? Mtunzaji katika Ukumbi wa Taarab

Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, taarab imekuwa na wasikilizaji wa aina mbili: wanaoisikia kwa mbali na wanaohudhuria. Hawa wa pili huisikiliza na kuitumia.

Katika kumbi za Unguja mwimbaji hamtaji mtu. Mtunzi naye huenda alikuwa na jambo lake, tofauti kabisa. Lakini ubeti fulani ufikapo, mwanamke huinuka, noti mkononi, akaenda mbele kwa madaha kumtunza mwimbaji. Njia aliyoipita, jicho alilolitupa pembeni, pengine hata jina la khanga yake, vyote humwelekea mtu mmoja aliyeketi. Kuanzia hapo maneno si ya mwimbaji tena. Aliyelengwa hawezi kulalamika, kwani kulalamika ni kukiri. Hubaki kungoja ubeti umfaao, naye ainuke. Ujirani wa miaka mingi huweza kuvunjika hivyo pasipo tusi hata moja kutamkwa.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa fumbo huganguliwa kwa noti. Mtafiti anayekusanya matini pekee (na ndiyo kazi iliyo rahisi zaidi) hufasiri maneno asiyojua yaliambiwa nani.

Wala santuri, kaseti na redio hazikuikomesha desturi hii. Sauti hupandishwa, na dirisha la upande wa jirani likafunguliwa.