"Stresi" Si Jina la Kila Kitu

Huku Eastlands tuna neno moja la kila shida: stresi. Landlord amepiga kufuli? Stresi. Gor imechapwa? Stresi. Msee amejifungia keja wiki mbili, haogi, chakula hagusi, simu hashiki? Ati huyo pia "ako na stresi tu, itapita." Mimi naona hilo neno limetufichia watu wengi.

Kiswahili cha vitabu kina sonona, lakini niambie, nani Kayole amewahi kukwambia ana sonona? Tunasema depresheni, na mara nyingi kwa mzaha.

Stresi huwa na mlango wa kutokea. Ukilipa kodi ya keja, unapumua. Depresheni inaweza kubaki hata kodi ikiwa imelipwa. Daktari hutafuta dalili tisa: moyo mzito, kukosa raha kwa vitu ulivyopenda, usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujiona bure, akili kutotulia kwa kazi, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na mawazo ya kifo. Zikifika tano, karibu kila siku kwa wiki mbili, na moja ikiwa kati ya zile mbili za kwanza, hapo si mchezo.

Hiyo ya pili mtaa huijua vizuri: "Hakuna kitu inanibamba." Boy aliyekuwa hakosi mechi ya Jumapili sasa hata hataki kujua nani amefunga. Na maboy wengi hawalii. Wanakuwa na hasira za karibu, wanazamia pombe, na mtaa unasema ameharibika.

Sababu? Haikosi kuwa mchanganyiko: damu ya familia, msiba, kukosa kazi, ugonjwa, pombe yenyewe. Si uvivu, na si lazima mtu awe amerogwa.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha depresheni. Daktari akikutoa damu anaangalia kama ni tezi ya shingo au upungufu wa damu, maana hizo pia huchosha mwili. Halafu ni maswali. Kuna fomu inaitwa PHQ-9: maswali tisa, kila jibu 0 hadi 3, na kuanzia alama 10 anakaa na wewe kuchimba zaidi. Fomu peke yake haitoshi, kwa hivyo ile kwizi ya TikTok wachana nayo. Na huanzi Mathari. Hiyo hospitali iko tangu 1910 na sisi tumegeuza jina lake kuwa tusi, ndiyo maana matha akisikia "daktari wa akili" anashtuka. Kliniki ya kawaida inaweza kuanza na wewe.

Swali la tisa kwa fomu linauliza kama siku hizi umekuwa ukiwaza ni heri ufe au ujidhuru. Watu huruka hapo, na nawaelewa: kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jibu swali la tisa ukweli, buda.