Kompyuta mpya ikikataa intaneti, usikimbilie kumlaumu muuzaji

JE, msomaji, umewahi kununua kompyuta, ukaifikisha nyumbani watoto wakiruka kwa furaha, kisha ikakataa katakata kuingia kwenye intaneti? Basi usidhani mkosi huo ni wako peke yako.

Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa haziwezi kubeba Windows 11, na zipo ambazo sasa huuzwa zikiwa na Linux. Si kitu cha kuogopa. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland, na kuitumia hakuna malipo. Ubuntu, mojawapo ya aina zake zinazojulikana sana, ilitoka mwaka wa 2004 kupitia juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo lina asili moja na neno letu "utu".

Hata hivyo, siku ya kwanza aghalabu huwa na kikwazo chake, na kikwazo hicho mara nyingi ni mtandao.

Haya niliyashuhudia kwa wifi yangu. Namaanisha mke wa kaka yangu, wala si ule mtandao usio na waya ambao hapa nitauita waifai! Zamu yake ya chama ilipofika, alimnunulia binti yake kompyuta iliyotumika ng'ambo. Msichana yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu, na Jumapili hiyo jioni alikuwa na insha ya kuwasilisha kupitia mtandao kabla ya saa mbili asubuhi. Kompyuta iliwaka vizuri, lakini waifai haikuonekana popote.

"Shangazi, baba anasema tumeuziwa takataka," aliniambia kwa simu. "Na mama hasemi kitu."

Kile kimya cha mama ndicho kilichonifanya nikapanda matatu. Pesa zile alikuwa amezichanga kwa miezi, akijinyima mengi. Nilimkuta kaka amekwisha kupanga safari ya alfajiri ya kwenda kugombana na mwenye duka.

Nilimwomba asubiri kidogo. Hebu, msomaji, nikueleze hatua tulizofuata, ili nawe yakikupata usihangaike.

Kwanza, jua tatizo liko wapi. Chukua simu, zima data yake, kisha iunganishe na waifai ya nyumbani. Ukisahau kuzima data, simu itakudanganya, kwani itafungua kurasa kwa bando lako huku ukidhani ni waifai. Simu nayo ikishindwa, basi kompyuta haina kosa. Zima ruta, ngoja nusu dakika, uiwashe tena. Isipopona, mpigie simu anayekuuzia huduma hiyo.

Kwetu, simu ilifungua kurasa bila shida. Kumbe lawama ni ya kompyuta.

Pili, tazama kama waifai imezimwa. Kompyuta nyingi za kubeba zina kitufe chenye picha ya ndege, na baadhi ya zile za zamani zina swichi ndogo ubavuni. Mtoto akikigusa bila kujua, waifai hufa papo hapo. Kwetu kitufe kilikuwa sawa.

Tatu, fungua mipangilio ya mtandao na usome yaliyoandikwa. Ukiona majina ya waifai za majirani, basi kifaa kinafanya kazi na huenda umekosea nywila tu. Lakini ukiambiwa kwamba hakuna kifaa chochote cha waifai, maana yake ni kuwa Linux haijui kuzungumza na kile kidude kilichomo ndani. Imekosa draiva, yaani programu ya kukiendesha.

Hapo ndipo tulipokwama, na sababu yake ni rahisi. Linux hujengwa hadharani, kila mtu akiona ilivyoundwa. Baadhi ya kampuni, kwa mfano Broadcom, zimekuwa na vifaa vya waifai ambavyo draiva zake ni siri. Ubuntu haiweki draiva za namna hiyo mpaka uikubalie. Wakati wa kuisakinisha kuna kisanduku cha kutia alama, na anayefanya kazi hiyo kwa haraka hukipita tu.

Sasa hapa pana kitendawili: ili upate draiva unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unahitaji draiva. Usikate tamaa. Chomeka simu yako kwenye kompyuta kwa waya wake wa USB, kisha katika mipangilio ya simu, pale penye hotspot, ruhusu igawe mtandao kwa waya huo. Kwa kawaida kompyuta huiona simu kama waya wa mtandao, na draiva ya waifai haihitajiki. Halafu fungua programu iitwayo Additional Drivers, chagua draiva inayopendekezwa, ngoja imalizike, na uiwashe kompyuta upya.

Ukiombwa kubuni nywila wakati huo, iandike mahali. Kompyuta ikiwaka inaweza kukuonyesha skrini ya buluu. Si ugonjwa huo. Chagua "Enroll MOK", kubali, na uweke nywila ile ile. Ukiipuuza skrini hiyo, draiva haitafanya kazi.

Saa nne usiku insha ilikuwa imefika chuoni.

"Kwa hivyo yule jamaa si mwizi?" kaka aliuliza.

"Si mwizi," wifi alijibu, maneno yake ya kwanza jioni ile. "Lakini angetuambia."

Yapo matatizo mengine ambayo hayakutupata sisi. Ikiwa umeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, fungua dirisha la amri na uandike ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google. Ukipata majibu ilhali majina ya tovuti hayafunguki, kasoro iko katika DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa nambari. Weka hiyo hiyo 8.8.8.8 katika mipangilio ya DNS.

Tazama pia tarehe. Kompyuta kuukuu ikiwa na betri ndogo ya ndani iliyokufa, inaweza kuamka ikidhani ni miaka kumi iliyopita, na tovuti salama zikaonekana kuwa na kasoro.

Na wakati mwingine huna la kufanya. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo hata fundi hodari hawezi kukufaa kitu.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujatoa pesa zako, mwombe muuzaji aiwashe kompyuta mbele yako na aiunganishe na hotspot ya simu yako bila waya. Kazi hiyo ni ya dakika tano tu. Akikataa, duka la pili liko hapo hapo karibu. Kuuliza si ujinga.