Biskuti za Kusubiri

Katika anime ya Frieren, iliyotengenezwa na studio ya Madhouse na kuanza kuonyeshwa 2023, watu wanatembea kuliko wanavyopigana. Frieren ni mchawi wa jamii ya elfi, wale wa masikio marefu, na ameishi zaidi ya miaka 1,000. Miaka 10 aliyosafiri na Himmel kwake ilikuwa kama siku mbili tatu. Himmel alipokufa kwa uzee, ndipo akajutia kwamba hakujitahidi kumfahamu.

Safari kama zile zinataka chakula kigumu, basi nikaoka biskuti za mabaharia wa zamani: unga wa ngano vikombe 3, maji kikombe 1, chumvi vijiko 2 vya chai. Mafuta hutii, kwa sababu huchacha mapema. Unasukuma, unakata, unatoboa kwa uma ili mvuke utoke zisivimbe, kisha unaoka mpaka zikauke kabisa. Pasipo unyevu, ukungu hauoti. Kwenye kopo kavu hukaa miaka.

Bibi aligonga moja mezani, ko ko! "Mume wangu, hii ya kula au ya kujengea?" Kisha akaichovya kwenye chai ya rangi, akatulia ilainike. Mabaharia nao walichovya hivyo hivyo.

Nilitaka kulifunga kopo nione litadumu miaka mingapi. Lakini biskuti zinaweza kusubiri, bibi hawezi. Sasa kila jioni tunachovya mbili mbili, namuuliza habari za ujana wake.