Rimu 17 na Kliniki ya Mama

Leo siasa tuiweke kando, tuongelee tairi.

Nina Toyota Altezza ya 2001, gari la spoti la milango minne lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005. Nililinunua likiwa na rimu 17 na tairi 215/45. Tarime mjini vijana waligeuka kulitazama, nami kichwa kikavimba.

Kilinywea siku niliyomtoa mama Mugumu kumpeleka Tarime, kwa daktari wake wa presha. Tulishavuka Mto Mara, tunaitafuta Nyamongo. Mbele yetu kulikuwa na Noah. Ikapita kwenye shimo kama halipo. Mimi nikaligonga. Tairi la mbele likapasuka ubavuni, rimu ikapinda. Kufungua buti, spea haina upepo. Mama akakaa juu ya jiwe, juani. Hakulalamika, aliniuliza tu: “Mwanangu, gari hili walilitengenezea barabara ya wapi?” Mwishowe akapanda bodaboda. Alipofika, daktari ameshaondoka.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, lakini sikuwahi kuuliza namba zilizoandikwa kwenye tairi langu mwenyewe zina maana gani. Fundi pancha wa Nyamongo ndiye aliyenisomesha. “Mura,” akaniambia, “wewe umenunua rimu, hukununua tairi.”

Iko hivi. 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 45 ni asilimia: ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana huo, yaani milimita 97 hivi. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukifunga 205/55 kwenye rimu 16, ukuta unafika milimita 113. Hizo 16 za ziada ni mpira na upepo kati ya jiwe na rimu. Na kipenyo cha gurudumu zima kinatoka 625 kwenda 632 tu, tofauti ya asilimia 1, kwa hiyo spidomita haikudanganyi sana.

Tamaa ikanipeleka hadi 195/65 kwenye rimu 15, ukuta milimita 127. Hapo kuwa mwangalifu. Gari la spoti lina breki kubwa, na rimu ndogo inaweza kugusa kalipa. Funga rimu tupu, izungushe kwa mkono, ndipo ulipe. Angalia na nati: za Altezza ni tano kwenye duara la milimita 114.3, wakati Impreza nyingi za zamani zina duara la 100. Rimu zake hazikai.

Ukinunua tairi la mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo nao fuata kibandiko cha mlango wa dereva, usipime kwa jicho. Na spea ni tairi pia, ikague.

Nikachagua 16. Rimu 17 tatu nzima ziko uvunguni mwa kitanda, na vijana wa mjini hawageuki tena.

Mwezi uliofuata nikampeleka mama tena, njia ileile. Tulipofika kwenye lile jiwe nikamwangalia, nikijua atanitania. Alikuwa amesinzia. Aliamka Tarime.