Mjusi mgeni wa dola 40

Siku bibi wa Muheza alipoonyeshwa mijusi kwenye simu kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka akakohoa. Hakuelewa mjukuu wake, anayeishi na wazazi wake Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, anawezaje kutoa fedha kununua mjusi. Kwao mjusi kafiri hufukuzwa kwa fagio, na watoto huambiwa tangu wadogo kuwa ndiye aliyepuliza moto ili Nabii Ibrahimu aungue.

“Mume wangu,” alimtania, “ukija huku nitakukusanyia ndoo nzima, bure.”

Kijana, wakati huo ana miaka 12, hakukasirika. Alimweleza Bibi kwamba wake si wale wa ukutani. Ni mijusi wenye madoa kama ya chui, asili yao ni nchi kavu za Pakistan na Afghanistan, wakitunzwa vizuri huweza kufikisha miaka 20, na akiba yao ya mafuta huiweka mkiani. Mkia mnene, mjusi mzima. Alikuwa nao watatu, wote majike, katika tangi la kioo chumbani kwake. Kila Jumamosi aliwapima kwenye mizani ndogo ya gramu na kuandika uzito wao. Mama yake husema hilo ndilo daftari pekee ambalo hakuwahi kumkumbusha alishike.

Wa nne alinunuliwa kwenye maonyesho ya wanyama wa kufugwa, dola 40. Wakiwa ndani ya gari kurudi nyumbani, kijana alimwambia baba yake kwamba amesoma mahali kuwa mjusi mgeni hukaa peke yake, chumba kingine, kama miezi mitatu. Baba, anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala, akapiga hesabu: tangi la pili, taa ya joto ya pili, vyombo vingine. Zaidi ya dola 100 kwa ajili ya mjusi wa dola 40.

“Hao ni ndugu,” alisema. “Watazoeana.”

Jioni hiyo hiyo mgeni akaingizwa kwa wenyeji. Baba hakuwa na roho mbaya. Hesabu kama ile wazazi wengi wangeifanya, hasa mwisho wa mwezi.

Baada ya wiki sita mgeni alikuwa hali vizuri. Mkia wake ukasinyaa ukawa kama kijiti. Walidhani ni baridi, wakaongeza joto. Kisha daftari likaanza kuonyesha jambo jingine: mkubwa kuliko wote, aliyekuwa gramu 62, akashuka hadi 55, halafu 48, halafu 41. Alikula, kisha akatapika nyenje aliowala.

Daktari wa wanyama alichukua kinyesi kikapimwa maabara. Jibu lilikuwa kriptosporidia, vimelea vinavyokaa kwenye utumbo na kutoka kwa kinyesi. Mjusi akilamba mahali palipochafuliwa, au akila mdudu aliyepita juu ya kinyesi hicho, naye huvipata. Hakuna dawa ya uhakika ya kuviondoa. Mjusi anaweza kuwa navyo kwa muda mrefu akionekana mzima, na kipimo kimoja kikitoka safi hakimtoi mashakani, kwa sababu si kila siku vinatoka. Hiyo ndiyo maana ya kusubiri miezi mitatu: kuupa ugonjwa muda wa kujionyesha kabla mgeni hajakutana na wengine.

Wawili walikufa wenyewe. Kwa wawili waliobaki daktari alishauri sindano ya kuwalaza moja kwa moja, wasiendelee kukonda hadi mwisho. Kijana aliomba awepo, akaruhusiwa.

Nyumbani hakulia wala hakumlaumu mtu. Alisema tu amechoka. Siku ya tatu mama yake, akipanga chumba, akalikuta daftari chini ya mto. Ukurasa wa mwisho haukuwa na uzito wowote, ila mstari mmoja: “Nilijua lakini sikusema kwa nguvu.”

Akampelekea mumewe, akamwachia mezani bila neno.

Mama huyo anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Kila siku ya kazi huanza na walio wazima, hufuata wenye homa, na aliyetengwa chumbani humwingia mwisho, kwa glavu mpya. Hakuwahi kufikiri kwamba utaratibu ule ule unahitajika ndani ya nyumba yake. Na alipompigia mama yake Muheza kumweleza yaliyotokea, alitegemea kicheko. Bibi hakucheka.

“Sasa nyie, kuku akitoka gulioni mnamtia bandani siku hiyo hiyo? Na mdondo je?”

Kuku mgeni wa Bibi hukaa kwenye tenga chini ya mchungwa, mbali na banda, wiki kadhaa. Hulishwa mwisho, kwa kopo lake. Bibi aliwahi kupoteza kuku wote kwa mdondo kwa sababu ya jogoo mmoja wa zawadi, na hakurudia.

Baba alizungumza na mwanawe usiku wa mapumziko yake. Hakutoa hotuba. Alimwambia kwamba alisikia vizuri kule kwenye gari, na uamuzi ulikuwa wake, si wa mtoto. Kijana akauliza kama inawezekana kuanza upya.

Hapo palikuwa na kikwazo ambacho hawakukitarajia. Daktari alikuwa ameuliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Yupo, wa miaka minne. Vimelea vile vya mijusi havijulikani kuambukiza watu, lakini mijusi, nyoka na kobe wengi hubeba salmonela bila kuugua, na mtoto mdogo huweza kulazwa kwa kuhara. Tangu 1975 Marekani imepiga marufuku kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijafika sentimita 10 au zaidi kidogo, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Mamlaka za afya za huko zinashauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano isifuge wanyama hao kabisa. Mama alikumbuka tangi lilivyokuwa likioshwa kwenye sinki la jikoni, akanyamaza.

Wakasubiri mpaka binti atimize mitano. Miezi saba. Tangi la zamani walilitupa pamoja na mapango na vyombo vyote, maana jiki haiui vimelea vile. Amonia huviua, lakini ikikutana na jiki hutoa hewa ya sumu, na baba hakutaka kujaribu ndani ya nyumba yenye watoto.

Sasa mijusi ni wawili, kila mmoja na tangi lake. Wa kwanza yuko chumbani. Wa pili yuko chumba cha kufulia, juu ya taulo za karatasi zinazobadilishwa, ili kinyesi kionekane na kipelekwe kupimwa zaidi ya mara moja. Ana kibano chake, bakuli lake la maji, na nyenje wanaobaki kwake hutupwa, hawapelekwi kwa mwenzake. Huhudumiwa mwisho, kisha mikono huoshwa kwa sabuni bafuni, si jikoni. Binti hutazama kwa nje ya kioo.

Jumapili Bibi alipiga simu.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba mume wangu. Mgeni wako bado yuko kwenye tenga?”

“Bado, Bibi. Leo siku ya 41.”

Baba alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, viatu mkononi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia bila kuingia, akauliza uzito. Gramu 47, mbili zaidi ya wiki iliyopita. Akachukua kalamu akaandika yeye.