Aibu Isitunyime Matibabu

Wako akina mama wengi hapa Uru wanaobeba mzigo usioonekana. Mkungu wa ndizi na tita la majani ya ng'ombe kila mtu anauona, lakini kizazi kilichoshuka anakijua mwenyewe tu.

Mimi nimejaliwa watoto sita. Baada ya kitinda mimba nilianza kusikia uzito chini, kana kwamba kitu kinataka kutoka. Nikikohoa au nikicheka, mkojo ulinitoka. Jirani akaniambia ndivyo uzazi ulivyo, nivumilie. Nilipomweleza mume wangu hakunicheka. Aliuza mbuzi, tukaenda hospitali mjini Moshi.

Daktari alinipima kwanza kwa mkono, kisha akaniandikia altrasaundi. Mimi nilidhani kipimo hicho ni cha wajawazito tu. Kumbe safari hii kifaa kiliwekwa kwa nje, penye njia ya uzazi. Nikaambiwa nibane kama anayezuia mkojo, halafu nisukume. Kwenye kioo nikaonyeshwa kibofu kikiteremka pamoja na mji wa mimba. Sikuumia. Wala kipimo hicho hakina mionzi kama eksirei. Hutumia mawimbi ya sauti. Picha humwonyesha daktari ni kiungo gani kimeshuka, na kama misuli ya nyonga ilichanika wakati wa kujifungua. Haichukui nafasi ya mkono wake, bali humsaidia hasa vinaposhuka viungo zaidi ya kimoja, au upasuaji unapofikiriwa.

Mama mwenzangu, hauko peke yako. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wanawake 1,047 wa wilaya za Hai, Rombo na Same, katika mkoa wetu huu, walipimwa. Asilimia 64.6 walikutwa viungo vimeshuka, ingawa wenye hali kali walikuwa asilimia 6.7 tu. Tatizo lilionekana zaidi kwa waliozaa mara tano na kuendelea. Hali kali iliwapata zaidi wanaobeba mizigo mizito kwa saa nyingi, na waliojifungulia nyumbani.

Mimi nilifundishwa mazoezi ya kubana misuli kila siku, na nikawekewa pete ya kushikilia kizazi. Majani ya ng'ombe sasa huletwa na wavulana wangu kwa toroli. Wengine huhitaji upasuaji, na huo pia upo.

Basi ukisikia uzito huo, usijifungie ndani. Mwambie mumeo, kisha nenda ukapimwe. Nasi tunaoambiwa na jirani zetu, tusiwajibu kwamba ndivyo uzazi ulivyo.